MUTV: televisheni ya klabu isiyokuwa na mechi za ligi

Jumamosi moja pale kibanda umiza ninapoangaliaga mpira, malipo ya king'amuzi yalikata katikati ya mechi ya Man United. Mshkaji mmoja akapiga kelele: "Si uweke MUTV! Wana televisheni yao wale, wanamuogopa nani?" Nusu ya kibanda ikamuunga mkono. Wadau, nimeona niliandike hili vizuri, maana ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Televisheni ni ya klabu, uwanja ni wa klabu, wachezaji wanalipwa na klabu. Sasa mbona mechi ya ligi huioni huko laivu?

Kwanza historia kidogo. Man U hawakuwa wa kwanza. Middlesbrough, timu ya mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, ilianzisha Boro TV mwaka 1997 kwa njia ya kebo, na ndiyo inayotajwa kuwa chaneli ya kwanza ya klabu duniani. Lakini kebo ya mji mmoja haifiki mbali. MUTV ilianza kurusha tarehe 10 Septemba 1998, na wenye mali walikuwa watatu, kila mmoja na theluthi yake: klabu yenyewe, kampuni ya Granada, na BSkyB. Ndio, wale wale Sky waliokuwa wamenunua haki za kuonyesha Ligi Kuu laivu.

Sasa angalia hizo tarehe. Siku moja tu kabla, 9 Septemba, bodi ya Man U ilikubali kuiuza klabu nzima kwa BSkyB kwa pauni milioni 623 hivi. Mashabiki wakachachamaa, wakapiga kampeni miezi kadhaa, na Aprili 1999 serikali ya Uingereza ikaupiga marufuku ununuzi huo. Kampuni ya televisheni inataka klabu ya nini? Jibu lilikuwa mahakamani. Ligi Kuu tangu 1992 inauza mechi za klabu zote kwa mkupuo mmoja, na kipindi kile mamlaka ya ushindani wa biashara iliishitaki ligi ikidai mtindo huo unaua soko. Ligi ingeshindwa, kila klabu ingeenda sokoni na mechi zake, na hapo aliyeshika hisa za MUTV angekuwa ameshika mgodi. Mimi naona theluthi ya Sky ilikuwa bima, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Julai 1999 mahakama ikaamua ligi iko sahihi, biashara ya pamoja iendelee. Basi MUTV ikabaki na kile ambacho ligi haikukiuza: mechi za timu ya akiba na za vijana, mechi za kirafiki za kabla ya msimu, marudio ya mechi za ligi baada ya muda kupita, mechi za zamani, mahojiano ya wachezaji na kocha. Yaani mchezo wote ukitoa dakika 90 unazozitaka.

Unaweza kusema hao wamebanwa na sheria tu. Haya, twende Hispania. Kule hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2015, kila klabu ilikuwa inajiuzia mechi zake. Real Madrid wana chaneli yao tangu 1999. Je, waliweka mechi za ligi kwenye chaneli yao? Wapi! Mwaka 2006 walisaini na kampuni ya Mediapro mkataba wa miaka saba wa zaidi ya euro bilioni 1. Mwenye duka kubwa akikulipa hela hiyo kwa mkupuo, huwezi kukaa na genge lako barabarani unauza rejareja.

Kwa hiyo televisheni ya klabu haiuzi mechi, inauza ukaribu: mazoezini, vyumbani, kwenye ndege. Na ukaribu una shida yake. Ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Roy Keane. Tarehe 29 Oktoba 2005 Man U walifungwa 4-1 na hao hao Middlesbrough. Keane alikuwa majeruhi, na zamu yake ya kuchambua mechi MUTV ikawa imefika. Bwana, nahodha akaisema timu yake, akiwataja wachezaji kwa majina. Klabu ikaufungia mkanda, haukuonyeshwa. Ila habari zikavuja magazetini, na tarehe 18 Novemba Keane akawa ameondoka Old Trafford baada ya miaka 12. Shabiki aliyekuwa analipia MUTV kila mwezi habari kubwa kuliko zote za mwaka ule akaisoma gazetini. Kipindi chenyewe kimerekodiwa na chaneli anayoilipia!

Kibiashara lakini MUTV ilikua. Mwaka 2007 klabu ilinunua theluthi iliyokuwa mikononi mwa ITV, na Januari 2013 ikachukua ile ya Sky, ikawa mmiliki peke yake. Mwaka 2017 ikaja programu ya simu, nchi 165 kwa pamoja, bila dishi na bila king'amuzi. Nadhani hapo ndipo iliacha kweli kuwa televisheni ya Manchester, ikawa ya shabiki wa mbali, mtu kama wewe unayesoma hapa.

Wengine mambo hayakuwanyookea. Arsenal TV ilianza Januari 2008 ikiwa chini ya Setanta, Setanta ikafilisika Uingereza, na Agosti 2009 chaneli ikazimwa. Chelsea TV, ya 2001, iliondoka kwenye ving'amuzi mwaka 2019 ikahamia mtandaoni. Barça TV ilifungwa Juni 2023, klabu ikibana matumizi. Kuendesha chaneli kila siku ni gharama, na vipande vya dakika tatu YouTube vinafika mbali zaidi.

Real Madrid TV yenyewe imekuwa kitu kingine. Kwao ni ya bure, na imezoea kutengeneza vipindi vya kuorodhesha makosa ya refa anayekuja kuwachezesha. Aprili 2025, siku moja kabla ya fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Barcelona, refa Ricardo de Burgos Bengoetxea alilia mbele ya waandishi akieleza jinsi mwanaye anavyoambiwa shuleni kwamba baba yake ni mwizi. Madrid hawakuomba radhi, walilalamika kuhusu waamuzi.

Na huku kwetu mambo yamefika. Mwaka 2021 TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Mwaka huo huo Yanga nao wakasaini na Azam Media miaka 10, bilioni 41, kwa vipindi vya klabu. Umeona? Mechi zinauzwa na shirikisho, ukaribu unauzwa na klabu, ile ile ya MUTV.

Nilimwelezea yule mshkaji yote haya, akanijibu kwamba yeye mradi chama lake linaonekana, hana neno. Sasa wadau wa Jangwani na Msimbazi, nahodha wenu akienda kwenye kipindi cha klabu akasema ya Keane, mkanda urushwe au ufungiwe? Semeni hapo chini, matusi sitayapitisha.