Nani Kaachwa Nyumbani? D2: The Mighty Ducks kwa Jicho la Kombaini ya Wilaya

Mwalimu wa michezo aliyewahi kupeleka watoto kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, anajua jambo ambalo watunzi wa filamu za vichekesho vya michezo hulikwepa: timu haipandi ngazi, wanaopanda ni wachezaji. Tuseme shule moja ya Nyakunguru, wilayani Tarime, imezifunga shule jirani zote. Haiendi Musoma, makao makuu ya mkoa, kama ilivyo. Katika ngazi ya kata wanachujwa walio bora wa kila shule, wilayani inaundwa kombaini, na mkoani inaundwa nyingine ya kuiwakilisha Mara kwenye fainali za taifa. Nahodha wa shule anaweza kurudishwa nyumbani, na beki aliyezoea kukaa benchi akapewa jezi ya mkoa. Habari inayosubiriwa kijijini baada ya mchujo ni majina ya waliochaguliwa, na magoli husimuliwa baadaye.

Nauchukua utaratibu huu kuwa kipimo cha filamu iliyotengenezwa mbali sana na Mara, D2: The Mighty Ducks ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Sam Weisman. Hoja yangu ni kwamba udhaifu wake hautokani na uhaba wa vichekesho. Vimo vingi, na vingine vinachekesha kweli. Unatokana na kuogopa mchujo.

Filamu ya kwanza, ya 1992, ilijengwa juu ya unyonge wenye anwani. Gordon Bombay, wakili wa Minneapolis, anakamatwa akiendesha gari amelewa, na adhabu yake ni kuwafundisha mpira wa magongo wa barafuni watoto wa mtaa wa hali ya chini. Hawana vifaa. Fedha za kuvinunua zinatolewa na bosi wa Bombay, bwana Ducksworth, na ndiyo maana timu inaitwa Ducks, yaani Bata. Hapo udhamini unachekwa waziwazi: ukitaka jezi, beba jina la tajiri, hata kama jina lenyewe linakugeuza ndege wa bwawani. Kila kichekesho katika filamu hiyo kinatokana na kupungukiwa.

Sasa timu imeshinda, kikombe kimo kabatini. Mtunzi wa sehemu ya pili afanye nini? Katika Bongo Movie ya enzi za VCD na DVD, swali hilo halikuwa na uzito, kwa kuwa hadithi moja ilikatwa katikati na kuuzwa mara mbili. Part Two ilikuwa nusu iliyobaki. Hollywood inafungua upya hadithi iliyokwisha kufungwa, na dawa yake ya kawaida ni kupanua uwanja. The Bad News Bears ya 1976, ambamo watoto wa besiboli wanafungwa kwenye fainali na bado tunawapenda, ilifuatiwa mwaka 1977 na safari ya Houston, kwenye uwanja mkubwa wa Astrodome, kisha 1978 na safari ya Japani. Kocha aliyechezwa na Walter Matthau hakuwamo tena katika sehemu ya pili, na watoto waliopendwa kwa kushindwa wakatakiwa washinde.

D2 inaruka mbali zaidi. Watoto wa mtaa mmoja wa Minneapolis wanafanywa timu ya taifa ya Marekani kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana. Hakuna kata, hakuna wilaya. Wanaongezewa wenzao wachache kutoka sehemu nyingine za nchi, kila mmoja akiwa na sifa moja tu ya kumtambulisha: Mtexas ana kamba ya ng'ombe, kijana wa Miami anakimbia lakini hawezi kusimama, Ken Wu ametoka kwenye dansi ya barafuni. Mtazamaji wa kwetu anatafuta neno la kuwaita vijana hawa, na analo tayari: mamluki. Huku kwetu mamluki ni mchezaji asiyestahili, mara nyingi wa sekondari aliyeingizwa kwa siri kwenye timu ya shule ya msingi. Lakini ukiitazama D2 vizuri, mamluki ni wale Bata wenyewe. Wageni wameletwa kwa uwezo wao. Wenyeji wamo kwa sababu tuliwazoea kwenye filamu ya kwanza.

Na si wote wamo. Karp, Terry Hall, Peter Mark, na wale ndugu wawili Tammy na Tommy Duncan hawaonekani tena, wala hakuna anayewataja. Kwa Tammy jambo hili linaudhi kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa mchezaji wa dansi ya barafuni katika filamu ya kwanza, na mzunguko wake ulitumika uwanjani. Sehemu ya pili imekitunza kichekesho ikamtupa mtoto, kisha ikampa mwingine kazi ileile. Mchujo umefanyika, ila umefanyika gizani, ofisini kwa watengenezaji, nje ya hadithi.

Kuna wakati filamu inagusa penyewe. Vijana wa mitaani Los Angeles wanacheza dhidi ya timu ya taifa kwenye sakafu ya saruji na kuionyesha jinsi mchezo unavyochezwa. Ni sehemu yenye uhai kuliko zote. Kisha mmoja wao, Russ Tyler, anayechezwa na Kenan Thompson, anachukuliwa, na wenzake wanabaki palepale uwanjani. Adam Banks, mmoja wa Bata aliyekuwa ameumia, anapopona mkono, idadi ya wachezaji inazidi inayoruhusiwa, na Charlie Conway, Bata mwenzake, anajitolea kuiacha nafasi yake akasimame na kocha. Hapo ndipo ilipo filamu nzima: mtoto aliyekuwamo tangu mwanzo anakaa nje ili timu ishinde. Inapewa dakika chache, hakuna anayelia, mchezo unaendelea.

Nafasi ya maumivu hayo imechukuliwa na adui wa kubuni. Wapinzani ni Iceland, majitu yaliyovaa nyeusi, yenye kocha katili. Marekani yenye watu zaidi ya milioni 250 inajifanya mnyonge mbele ya kisiwa ambacho wakati huo hakikufikisha watu laki tatu! Ukiuondoa unyonge wa mtaa, huna budi kuutengeneza mwingine, na huu hauaminiki.

Kuhusu udhamini, filamu inajikanyaga yenyewe. Bombay analewa fedha za kampuni ya vifaa, anasahau watoto, anatubu. Kisha, katika kipindi cha mwisho cha fainali, watoto wanarudi uwanjani wakiwa na jezi za Mighty Ducks of Anaheim, klabu halisi ya ligi ya kulipwa iliyoanzishwa mwaka 1993 na Disney, watengenezaji wa filamu hiyo. Tunaambiwa ni ushindi wa moyo wa timu dhidi ya biashara, na jezi yenyewe iko dukani.

Atakayenijibu kwamba watoto hawaendi sinema kutafuta simanzi, nitamwelekeza kwa Disney hiyohiyo. Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016, inamfuata Phiona Mutesi kutoka Katwe, Kampala, mpaka kwenye mashindano ya sataranji nchini Urusi, ambako anashindwa na kuvunjika moyo. Utoto na utani vimo tele, lakini kupanda kwake kuna gharama nyumbani, kwa mama na ndugu, na gharama hiyo inaonekana. Filamu moja imebeba sehemu ya pili ndani yake.

Disney waliliona pengo hilo wakiwa wamechelewa. Mfululizo wa The Mighty Ducks: Game Changers, ulioanza mwaka 2021, unafungua kwa Bata waliogeuka timu kubwa yenye majivuno, na mvulana aliyekatwa jina anayeunda timu ya walioachwa. Msimu wa pili, 2022, ukawahamisha watoto hao kwenye kambi ya mafunzo California.