FAHAMU: Hedifoni zinazojirekebisha zenyewe zilianzia kwenye kitufe kimoja cha mwaka 1979

Leo tuweke umbea pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunashinda nacho masikioni kuanzia asubuhi mpaka usiku. Hedifoni.

Siku hizi kuna zile za kisasa zinazojirekebisha zenyewe. Umekaa kwenye basi, zinakata muungurumo wa injini. Umeshuka unatembea, zinaruhusu sauti za barabarani ziingie. Ukianza kuongea na mtu, muziki unashuka au unasimama. Hujagusa kitu. Wengi wanadhani hili wazo ni la juzi tu, lakini lina historia ndefu. Twende taratibu.

Mwaka 1910 jamaa mmoja wa Utah, Marekani, anaitwa Nathaniel Baldwin, alitengeneza hedifoni jikoni kwake akazipeleka kwa Jeshi la Wanamaji. Wakazipenda, wakataka zaidi. Ikabidi awaambie ukweli kwamba pale jikoni anaweza kutengeneza kumi tu kwa mara moja. Kazi yake ilikuwa moja, mtu wa redio asikie ujumbe vizuri. Hapo hakuna aliyewaza habari ya kujitenga na watu.

Shida ilianza muziki ulipotoka sebuleni ukaingia mtaani. Julai 1979 Sony waliingiza sokoni Walkman ya kwanza kule Japani, ile ya kaseti. Bosi wao, Akio Morita, alikuwa ameijaribu nyumbani, mke wake akakereka maana mzee kazama kwenye muziki wake peke yake. Morita akaona hii siyo adabu. Ndiyo maana ile Walkman ilitoka na matundu mawili ya kuchomeka hedifoni, watu wawili wasikilize pamoja. Na ilikuwa na kitufe cha rangi ya machungwa. Ukikibonyeza muziki unashuka, maikrofoni ndogo inafanya kazi, mnaongea bila kuvua hedifoni.

Kikumbuke hicho kitufe, tutakirudia.

Upande mwingine kulikuwa na watu wanapambana na kelele. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuua sauti kwa kutumia sauti. Iko hivi: sauti inasafiri kwa mawimbi, yanapanda na kushuka. Ukitengeneza wimbi lililogeuzwa, linashuka pale lile la kwanza linapopanda, yakikutana yanafutana. Wazo zuri, ila vifaa vya wakati ule havikuweza kulifanya lifike masikioni kwako.

Mwaka 1978 Amar Bose, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT, alikuwa kwenye ndege anarudi Marekani kutoka Ulaya. Akapewa hedifoni za ndege, akasikia kelele za injini kuliko muziki. Akaanza kupiga hesabu humo humo angani. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, na za abiria wa kawaida kama mimi na wewe zikaja mwaka 2000. Yaani zaidi ya miaka ishirini tangu ile safari!

Ila zile zilikuwa na swichi tu, washa au zima. Kujirekebisha kwenyewe kumekuja juzi juzi. Mwaka 2017 Sony walileta hedifoni ambazo programu yake inatumia vihisi vya simu kujua kama umekaa, unatembea, unakimbia au uko kwenye chombo cha usafiri, kisha inabadilisha mpangilio. Mwaka 2020 wakaongeza ya kusimamisha muziki ukianza kuongea. Mwaka 2023 Apple nao wakaweka mambo kama hayo kwenye AirPods Pro.

Sasa turudi kwenye kitufe cha Morita. Kile ulikibonyeza wewe. Uliona mtu anakusemesha, ukaamua kumsikiliza. Leo uamuzi huo umehamia kwenye chipu, nayo inakisia. Watumiaji wengi wamekutana na kituko cha kuimba kidogo tu kufuatisha wimbo, hedifoni inadhani unaongea na mtu, muziki unasimama. Hapo unacheka yanaisha.

Barabarani hucheki. Teknolojia ya kukata kelele inafanya vizuri zaidi kwenye sauti za chini zisizobadilika, kama injini. Mpangilio ukichelewa kubadilika wakati ushashuka kwenye gari, bodaboda inayokuja nyuma yako unaweza usiisikie mpaka iko mgongoni. Kifaa kikikisia vibaya, anayeumia ni wewe, siyo kampuni.

Lakini tusizikandie tu, faida ipo na ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema kusikiliza kwa desibeli 80 ni salama mpaka saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa zinabaki 4 tu kwa wiki! Wengi tunapandisha sauti ili kushindana na kelele za daladala. Hedifoni ikikukatia kelele, huna haja ya kupandisha. Masikio yakishaharibika kwa kelele hayarudi, hakuna spea dukani.

Kwa hiyo mimi naziona hivi. Ukiwa umekaa, kwenye basi au ndege, iachie hedifoni ifanye kazi yake. Ukiwa unatembea barabarani au unavuka, weka mwenyewe ile ya kuruhusu sauti za nje, au toa sikio moja kabisa. Na ukisalimiwa na mtu mzima, vua. Hata kama muziki umeshuka wenyewe na unamsikia vizuri, yeye anaona masikio yameziba. Morita alilijua hilo kwa kumwangalia tu mke wake.

Je, wewe ungeiachia hedifoni ikuamulie nani wa kumsikiliza?