Ardhi Tunayoilipia Pango

Historia ya kikundi Katibu ameshaiandika kule mbele. Mimi naandika ya ardhi, maana fedha nyingi tulizogawana kila mwisho wa mzunguko zimeishia kwenye viwanja. Kila mama anasema "na mimi nina kwangu", lakini karatasi iliyo sandukuni inasema nini, hapo wengi tunanyamaza.

Ukweli ni kwamba hapa Tanzania hakuna anayenunua udongo. Tunanunua miaka na matumizi. Mambo haya yalianza zamani. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi ambayo mtu hakuweza kuthibitisha kuwa ni yake, basi ni ya dola yao. Hivi babu zetu wa Kinyiramba wangethibitisha kwa karatasi gani? Baadaye dhahabu ikachimbwa hapo Sekenke, na mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, wakatengeneza kwa dhahabu hiyo sarafu kule Tabora. Sisi tukabaki na mashimo. Waingereza nao mwaka 1923 wakaweka ardhi chini ya Gavana. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaandika mwaka 1958, katika kijitabu Mali ya Taifa, kwamba ardhi isiwe bidhaa. Kwa hiyo mwaka 1963 wale wachache waliokuwa na ardhi ya milele waligeuzwa wapangaji wa Serikali kwa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kama tunayoijua. Sheria za sasa ni za mwaka 1999, ile ya Ardhi namba 4 na ile ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Zote mbili zinasema ardhi ni ya umma na Rais ndiye mdhamini.

Sasa mtego uko wapi? Shamba la kijiji unalishika kwa mila, na mwanakijiji anaweza kupewa bila ukomo wa miaka. Haki hiyo si ya chini, sheria inaihesabu sawa na hati ya mjini. Lakini mahali pakishakuwa mji, pakapimwa viwanja, unapewa miaka, 33, au 66, au 99, na masharti juu yake. Ujenge ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi miezi 36. Usibadilishe matumizi bila ruhusa. Na kila mwaka ulipe kodi ya pango la ardhi. Usipolipa, deni linazaa riba, unaletewa notisi, na mwisho miliki yenyewe inaweza kufutwa.

Mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, alifiwa na mume. Nyumba wamejenga wote wawili, matofali amefyatua yeye mwenyewe. Msiba haujapoa, shemeji akaja, eti jina kwenye barua ya toleo ni la marehemu, na tena pango halijalipwa miaka tisa, heri kiuzwe. Jamani! Mama yule alikuwa akiona makato kwenye LUKU akajua analipia kiwanja. Sivyo. Kinachokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni kodi ya jengo. Pango la ardhi ni lingine, linalipwa peke yake. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo akateuliwa msimamizi wa mirathi, mfuko wetu wa jamii ukamkopesha, akalipa deni lote, na sasa jina ni lake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya miaka kumi.

Shemeji huyo alisema pia kwamba mwanamke hamiliki ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, kule Mwanza, aliamua kesi ya mama wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake alitaka lirudi kwenye ukoo. Jaji akasema mwanamke anaweza kuuza sawasawa na mwanamume. Na sheria ya 1999 imeandika wazi kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mume hawezi kuiweka nyumba ya ndoa rehani bila mkewe kuridhia.

Niongeze hili kwa sababu sisi tunakaa karibu na machimbo: hati haikupi madini yaliyo chini. Hayo yana leseni yake.

Kiwanja cha kikundi chetu nacho kina masharti hayo hayo. Kamati imeanza kutenga fedha za pango kila mzunguko kabla ya kugawana, na wanaonung'unika nimewasikia. Mkutano wa kwanza baada ya sherehe kila mama aje na karatasi yake, hata kama imeliwa na mchwa. Tutamwomba ofisa ardhi kutoka Kiomboi aje atusomee moja moja: jina la nani, miaka mingapi, deni kiasi gani.