Ireland ilileta wauguzi Turkana; leo Kenya inawapeleka Uingereza

Ukame wa 1960 na 1961 ndio ulioifungua Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni iliifanya wilaya iliyofungwa: mgeni hakuingia bila kibali, na mji wa Lodwar ulijulikana zaidi kwa kuzuiliwa humo Jomo Kenyatta, kuanzia 1959 hadi 1961, kuliko kwa tiba yoyote. Mifugo ilipokwisha na watu wakakusanyika kwenye kambi za chakula, wamisionari waliruhusiwa kuingia. Wale wa Africa Inland wakaweka makazi Lokori. Wakatoliki wakaanzia Lodwar, kisha wakaja masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lililoasisiwa mwaka 1937 na Mary Martin wa Ireland. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi, wakunga na madaktari.

Hivyo kwa familia nyingi za Turkana muuguzi wa kwanza kumjua alikuwa mgeni aliyeacha nchi yenye hospitali akaja mahali pasipo nayo. Shirika la afya la Amref, lililoanzishwa mwaka 1957, nalo lilileta madaktari kwa ndege. Katika miaka ya 1980 lilipambana na ugonjwa wa tegu wa mbwa, unaojaza ini vifuko vya maji, na ambao Waturkana waliugua kwa kiwango cha juu kuliko karibu jamii nyingine yoyote duniani.

Uhuru ulileta zahanati za serikali, lakini haukuleta watu wa kutosha wa kuzihudumia. Turkana ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 926,976, wengi wao wakihama na mifugo. Huku muuguzi mmoja anaweza kuwa ndiye anayezalisha, anayechanja, anayepima malaria na kutoa dawa. Wananchi humwita daktari. Mtumishi wa umma aliyepangiwa kazi Turkana aliona ameadhibiwa, na wengi walianza kutafuta uhamisho mara tu walipofika.

Kisha likaja jambo gumu zaidi kulieleza. Tangu miaka ya 1990, serikali ilipobana ajira chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, Kenya imekuwa na maelfu ya wauguzi waliohitimu wasio na kazi, huku vituo vya pembezoni vikikosa watu. Mwaka 2006 ulianza mpango wa dharura uliogharamiwa na wafadhili, Marekani ikiwamo: wauguzi waliajiriwa kwa mikataba, wakapelekwa kwenye vituo vyenye uhaba, na wengi baadaye wakaingizwa kwenye ajira ya serikali. Mpango huo ulithibitisha kwamba wauguzi wapo na wako tayari kwenda mbali. Kilichokosekana ni nafasi ya kazi yenye mshahara.

Ugatuzi wa 2013 ulikabidhi afya kwa kaunti, lakini kanuni za fedha za 2015 zikaziwekea kikomo: mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti yenye zahanati nyingi zilizotawanyika inahitaji wafanyakazi wengi zaidi kwa kila mgonjwa, ila kikomo ni kile kile. Mwaka 2017 wauguzi nchini waligoma kwa takriban miezi 5. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Kuba na kuwasambaza katika kaunti, huku madaktari Wakenya wasio na ajira wakilalamika. Mpango huo ulifungwa mwaka 2023.

Julai 2021 Nairobi na London zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka Uingereza wauguzi Wakenya waliohitimu na wasio na ajira. Kundi la kwanza liliondoka mwaka 2022. Uingereza imeiweka Kenya kwenye orodha ya manjano, maana yake waajiri wa huko wasichukue wauguzi ila kupitia makubaliano hayo. Juu ya hayo upo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010, unaozitaka nchi tajiri zisitafute wafanyakazi katika nchi zenye uhaba mkubwa. Mwongozo huo ni wa hiari.

Tatizo liko kwenye namna ya kuhesabu. Orodha ya shirika hilo ya 2023 inataja nchi 55 zinazostahili kulindwa. Uganda imo. Sudan Kusini imo. Ethiopia imo. Hao ndio majirani watatu wa Turkana. Kenya haimo, kwa kuwa orodha inapima taifa zima kwa wastani, na wastani huo unabebwa na Nairobi na miji mingine. Mama wa Namoruputh, kule Loima upande wa mpaka wa Uganda, anaishi katika uhaba unaofanana na wa jirani yake wa Karamoja, ng'ambo ya mpaka, lakini mpaka huo umemweka nje ya kinga.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, humo humo Turkana, inaongeza sura nyingine. Tangu kambi ianzishwe mwaka 1992, hospitali na kliniki zake zimeendeshwa na mashirika ambayo mara nyingi hulipa vizuri kuliko kaunti, hivyo huwavuta wauguzi wa zahanati za jirani. Wakati huo huo wakimbizi wenye ujuzi wa afya wamefanya kazi humo kwa posho ndogo, kando ya Wakenya wanaolipwa mshahara. Na mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, ilionekana wazi jinsi ajira nyingi za afya nchini zilivyosimama juu ya fedha za wengine.

Muuguzi ana haki ya kwenda anakolipwa, na hakuna anayestahili kumlaumu. Wa kuulizwa ni serikali mbili zinazotia saini. Kila mkataba wa kupeleka wauguzi nje utangaze hadharani ni nafasi ngapi zitafunguliwa nyumbani, katika kaunti gani, kwa fedha za nani. Nchi inayompokea muuguzi aliyesomeshwa na Kenya ichangie masomo ya vijana wa Turkana katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC Lodwar pamoja na mishahara yao ya miaka ya mwanzo. Mkimbizi mwenye cheti apewe leseni na alipwe kwa ujuzi wake. Na uhaba upimwe kaunti kwa kaunti, zahanati kwa zahanati, kwa sababu hakuna mgonjwa anayetibiwa na wastani wa taifa.