Nissan Leaf: betri iliongezwa, joto likaachwa ndani

Mwaka wa 2024 baba mdogo alinipigia simu kutoka Kisauni, saa tatu usiku. Hata shikamoo yangu hakuingoja iishe. "Wewe si ndiye wa mambo ya magari huko kwa simu? Nimeona Leaf ya 2017 hapa yadi. Betri mistari yote 12 iko. Nilipe?"

Yeye ni mtu wa teksi. Anaendesha Probox ambayo imezunguka Mombasa kuliko kunguru, na pesa aliyotaka kulipa nusu ilikuwa akiba yake, nusu mkopo wa chama. Nikamwambia, baba, usilipe, nipe wiki moja. Hiyo wiki ndiyo ilinifundisha historia ya gari moja, na nimechoka kuona watu wakiuziwa hii gari bila kuambiwa historia yenyewe.

Turudi Disemba 2010. Mwezi huo huo, huko Marekani, wateja wa kwanza walikabidhiwa magari mawili ya kuchaji: Chevrolet Volt na Nissan Leaf. Volt ilikuwa na betri ndogo na injini ya petroli ya kuisaidia, lakini General Motors walipitisha kipozeo cha maji katikati ya seli zake, kama vile rejeta inavyofanyia injini. Leaf ilikuwa ya umeme mtupu, betri ya kWh 24 chini ya viti, seli 192 bapa kama bahasha, zimepangwa nnenne ndani ya moduli 48. Kuipoza? Hakuna maji, hakuna hata feni ya kupuliza betri. Boksi limefungwa kabisa, joto lijitafutie njia ya kutoka kupitia chuma.

Tusiwaonee Nissan, walikuwa na sababu. Seli bapa zina uso mpana wa kutoa joto. Mabomba, pampu na kipozeo ni uzito, ni gharama, na ni kitu kingine cha kuvuja. Walitaka gari ya umeme ambayo mtu wa kawaida angeinunua, na katika nchi ya baridi hesabu yao haikuwa mbaya. Ziko Leaf za zamani zilizoishi maisha marefu tu kwenye baridi.

Halafu gari ikafika Phoenix, Arizona, ambako kiangazi hupita nyuzi 40.

Kufikia 2012 wenye Leaf huko walianza kuona mistari ya betri ikipungua kwenye dashibodi. Hapa elewa kitu, maana wengi hudanganyika hapa. Ile mistari 12 haigawi betri sawasawa. Mstari wa kwanza hupotea wakati betri imeshapoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Inayofuata huenda kwa zaidi kidogo ya asilimia 6 kila mmoja. Kwa hivyo gari ya mistari 12 inaweza kuwa mpya kabisa, au iwe imebaki na asilimia 86. Zote mbili zitakuonyesha picha ileile.

Na joto haliui betri kwa kuilipua. Linaiua polepole, hata gari ikiwa imeegeshwa. Kemikali za ndani hushikana, lithiamu inanaswa isirudi kazini, na kilichonaswa hakitoki. Watu wa Phoenix walienda kortini. Nissan wakaongeza waranti ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya mistari 9 kabla ya miaka mitano au maili 60,000, inarekebishwa. Baadaye wakabadilisha kemia, na kufikia gari za 2015 ikaja betri ambayo watu waliibatiza mjusi, kwa sababu eti inapenda jua.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka wa modeli wa 2016 ikaja kWh 30. Mwishoni mwa 2017 ikaja Leaf ya pili, kWh 40, seli ni zile 192 lakini zenye kubeba zaidi, na moduli zimekuwa 24 za seli nanenane. Mwaka wa 2019 ikaja kWh 62, seli 288. Betri imekua zaidi ya mara mbili na nusu. Kipozeo? Bado hakuna. Kwa hiyo ya 40, watu wa Ulaya waligundua ukisafiri mbali na kuchaji haraka mara ya pili siku moja, gari inajipunguzia kasi ya kuchaji kwa sababu betri bado inachemka. Jawabu likawa programu mpya. Programu, bana, kwa shida ya joto.

Maoni yangu ni haya: Nissan walijua tangu 2012. Kila toleo jipya waliuza masafa, kwa sababu masafa ndiyo mteja wa kwanza anayaona kwenye tangazo. Uzee wa betri ni shida ya mteja wa pili. Na mteja wa pili wa gari za Japani ni nani? Ni sisi. Sheria yetu inaruhusu gari isiyozidi miaka minane, kwa hivyo uamuzi uliofanywa Japani leo unatufikia bandarini Kilindini ukiwa na miaka saba.

Nairobi una bahati, baridi ya usiku inasaidia. Mombasa si Phoenix, sikatai, lakini Mombasa joto haliendi likizo. Mchana 30 na kitu, usiku bado unatoka jasho, mwaka mzima. Na teksi haipumziki.

Nilishuka na basi la usiku nikiwa na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma hali halisi ya betri kupitia simu. Nilikuwa pia nimesoma kwamba kuna wauzaji, nchi nyingine, wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili mistari irudi 12 kwa muda. Sikumshtaki mtu. Niliomba tu kuchomeka, dakika mbili.

Mwenye yadi alikataa. Akasema nitaharibu waranti.

"Waranti gani, kijana wangu," baba mdogo akamuuliza kwa upole kabisa, "ya mtumba?"

Tukatoka. Siku hiyo alininunulia mahamri na mbaazi na hakuongea sana. Najua alikuwa ameshaanza kuiona hiyo gari ikilala nje ya nyumba yake, bila gharama ya mafuta. Pesa ya chama aliirudisha wiki iliyofuata.

Juni 2025 Nissan walionyesha Leaf ya tatu. Betri mbili za kuchagua, kWh 52 au 75, na hatimaye, miaka 15 baadaye, kipozeo cha maji. Nikampigia.

"Hizo zenye maji zitafika lini hapa kwa bei ya mtu kama mimi?"

Nikapiga hesabu. Nikamwambia 2032, pengine 2033.

Akacheka. "Basi wacha nipeleke Probox sevisi."