Dhamana ya Ramani: Hoja Juu ya Upandikizaji wa Meno Unaoongozwa na Kompyuta

Ndani ya taya la chini, chini ya mizizi ya magego, umepita mfereji mwembamba uliobeba mshipa wa fahamu pamoja na mishipa ya damu; mfereji huo huingia kwa upande wa ndani wa taya, huambaa na mfupa kwenda mbele, na karibu na magego madogo mshipa hutokeza nje kwa tundu dogo ili kuupa mdomo wa chini na kidevu hisia zake. Mtu aliyejeruhiwa mshipa huo hapotezi uzuri wa sura wala nguvu ya kutafuna, walakini hunywa chai asijue kwamba imemchuruzika kidevuni, na hunyoa ndevu kama anayenyoa uso wa mtu mwingine. Tabibu wa meno anayetoboa mfupa ili apande jino la bandia hufanya kazi milimita chache juu ya mfereji huo, naye hauoni. Makala haya yanahusu chombo kilichobuniwa ili auone kabla ya kutoboa, na hoja yake ni moja: kwamba upasuaji unaopangwa kwa kompyuta haukumwondolea tabibu uamuzi, bali umeuhamisha kutoka saa ya keekee hadi saa ya ramani, na kwa hiyo ilimu, hadhari na dhamana havina budi kuhamia huko pia.

Asili ya fani hii ni sungura. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alipachika kijichumba cha madini ya titani katika mfupa wa mguu wa sungura ili atazame mwendo wa damu, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika kama uliozaliwa nacho. Mwaka 1965, huko Gothenburg, alimpandikizia meno mtu wa kwanza, na vipandikizi vile vikamtumikia zaidi ya miaka arubaini, hadi kufa kwake. Na katika mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ushahidi wake ulikubaliwa na matabibu wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakiutilia shaka. Katika zama hizo desturi ilikuwa kutia kipandikizi pale penye mfupa mwingi, kisha fundi wa meno ahangaike kuliketisha jino juu ya kitu kilichokwisha simama, hata aghalabu jino likawa limeinama kuelekea shavuni, au limejengwa kwa namna ambayo mswaki haufiki shingoni mwake.

Kilichogeuza desturi hiyo ni picha. Godfrey Hounsfield alipompima mgonjwa wa kwanza kwa mashine ya tomografia mjini London mwaka 1971, na Allan Cormack alipokuwa amekwisha kuitafuta hesabu ya jambo hilo hilo tangu siku zake katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, hapana kati yao aliyekuwa akifikiria meno. Na tuzo ya Nobel waliyoshiriki mwaka 1979 ilikuwa ya tiba kwa jumla. Meno yalingoja hadi mwisho wa miaka ya tisini, ambapo huko Italia na Japani zilitokea mashine ndogo zenye mwale wa umbo la koni, zinazozunguka kichwa mara moja na kutoa sura ya taya kwa pande zake tatu, kwa mionzi michache na kwa gharama ambayo zahanati ya meno yaweza kuimudu. Tangu hapo tabibu aliweza kulikata taya vipande vipande mbele ya macho yake, na mgonjwa akaondoka mzima bila kuguswa.

Kazi yenyewe huanzia mwisho. Kwanza huchorwa jino linalotakiwa, mahali pake, urefu wake na mkutano wake na jino la juu. Kisha ndipo hutafutwa chini yake njia ya kipandikizi katika mfupa. Ili hayo yawezekane, picha ya mfupa na picha ya meno na ufizi, iliyopigwa kwa skana iingiayo kinywani, hulazwa moja juu ya nyingine kwa kulinganisha meno yale yale katika picha zote mbili. Ramani ikikubaliwa, mashine huchapa kwa rezini, tabaka juu ya tabaka, kalibu inayovikwa juu ya meno yaliyobaki; katika kalibu hiyo mna tundu lenye pete ya chuma, na ncha ya keekee hupita humo kwa mwelekeo uliokwisha amuliwa na kukoma kwenye kina kilichokwisha amuliwa. Katika ufundi wote wa tiba ya meno sijui kitu kinachopendeza kama kalibu iliyokaa sawasawa, ikatulia bila kutikisika, nawe ukajua kwamba fikira ya juzi imefika leo katika mfupa.

Lakini imefika kwa kadiri gani? Hapa ndipo msomaji apaswapo kwenda polepole. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 20 za wagonjwa 471 na vipandikizi 2,238, ulipata kwamba kipandikizi hutofautiana na ramani yake, kwa wastani, milimita 1.2 pale kinapoingilia, milimita 1.4 kwenye ncha yake, na nyuzi 3.5 katika mwinamo. Tarakimu hizo ni ndogo, nazo ni sifa kwa fani. Tafiti zilizolinganisha kalibu na mkono mtupu zimeonyesha kuwa kalibu huikaribia ramani zaidi. Walakini wastani si mpaka. Rubani aambiwaye kuwa maji ya mlango wa bandari ni pima tatu kwa wastani hapitishi jahazi lake kwa habari hiyo. Hutaka kujua kina cha pale penye mwamba, na akiwa na shaka hutupa bildi. Kadhalika tabibu: anayeacha milimita 1.2 baina ya ncha ya kipandikizi na mfereji wa mshipa, kwa kuwa ndiyo kosa la wastani, ameukabidhi mdomo wa mgonjwa kwa bahati, maana wako wengi waliopita wastani huo. Waandishi wa uchunguzi ule walishauri kuachwa milimita 2 kwa uchache, na mimi naona kwamba mahali ambapo kipandikizi kifupi zaidi chatosha, hapana sababu ya kuzitumia milimita hizo kama akiba ya kuchezea.

Kosa hilo halina baba mmoja. Mgonjwa akitikisa kichwa wakati wa kupigwa picha, sura ya mfupa hupata ukungu. Akiwa na mataji ya chuma, picha hujaa michirizi, na picha mbili hulinganishwa kwa kukisia. Rezini hujikunja kidogo ikikauka. Baina ya pete na keekee pana nafasi ndogo, kwani bila hiyo keekee isingezunguka. Kila moja peke yake ni haba, lakini huungana. Mwinamo wa nyuzi 3.5 katika kipandikizi cha milimita 10 husogeza ncha kwa zaidi ya nusu milimita, hata kama mlango wa tundu umekaa pale pale palipochorwa.

Iko pia hatari isiyo ya vipimo. Watafiti wa Gothenburg walionyesha mwaka 1983, kwa sungura tena, kwamba mfupa uliopashwa moto wa nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja hudhurika na uponaji wake huharibika. Maji ya chumvi ya kupoozea humwagwa kwa ajili hiyo. Ilhali kalibu hufunika mahali penyewe, na pete hukumbatia keekee, hata maji yakatiririka juu ya rezini badala ya kushuka tunduni. Tabibu mwenye kujua hupandisha na kushusha keekee mara kwa mara ili maji yapate njia. Asiyejua huona kalibu imetulia, akakandamiza moja kwa moja hadi kikomo, na ramani yake ikatimia kwa usahihi katika mfupa aliouchoma.

Sasa nije kwenye jambo linalonihangaisha kuliko yote. Ramani nyingi leo hazichorwi na mtu atakayetoboa. Tabibu wa Mombasa au Dar es Salaam aweza kupeleka faili lake Ulaya kabla chai yake haijapoa. Huko fundi stadi wa programu huchora, na siku ya pili hurejesha picha nzuri yenye rangi, mshipa ukiwa umetiwa rangi yake na kipandikizi chake, na kinachongojwa ni idhini. Simlaumu fundi huyo. Pengine ameona mataya mengi kuliko sisi. Lakini hakutia kidole ufizini akaupima unene wake, hakumuuliza mgonjwa habari za kisukari wala za sigara, wala hakumtaka afunue kinywa ili aone kama keekee za kalibu, zilizo ndefu kuliko za kawaida, zitaingia kule nyuma kwenye gego la pili. Na ule mstari wa rangi unaoonyesha mshipa si mshipa. Ni maoni ya mtu, au ya programu, juu ya kivuli. Idhini inayotolewa kwa kutazama rangi, bila kukifuata kivuli hicho kipande kwa kipande tangu kinapoingia hadi kinapotoka, haitofautiani na kutia sahihi hati ya deni ambayo hukuisoma.

Wako wasemao kwamba kalibu imemletea hata mwanafunzi mkono wa bingwa, na wako mabingwa wanaoidharau kwa kuwa wamepandikiza miaka thelathini bila hiyo. Naona wa kwanza wana hatari zaidi. Bingwa aidharauye hupoteza milimita. Mwanafunzi aitegemeaye peke yake hana la kufanya siku kalibu ikivunjika mkononi, au ikikataa kukaa, au kipande cha mfupa kikibomoka chini ya ufizi ambao hakuufunua. Kwa hiyo natetea kwamba katika vyuo vyetu mwanafunzi aanze kwa kufunua ufizi na kuuona mfupa kwa macho, kisha ajifunze kuisoma picha na kuuchora mshipa kwa mkono wake, na ndipo akabidhiwe kalibu. Na kwamba jina la aliyeidhinisha ramani liandikwe katika daftari la mgonjwa pamoja na umbali alioridhia kuuacha juu ya mfereji.

Na siku ya upasuaji yenyewe, kalibu njema huwa na vidirisha juu ya meno inayoyakalia. Tabibu huchungulia humo: rezini ikigusa jino katika vidirisha vyote, imekaa, ukionekana uwazi mwembamba kama wa ukucha, haikukaa, na hapana msukumo wa kidole utakaoifanya ramani iwe kweli. Baada ya keekee ya kwanza huiondoa kalibu, hushusha kijiti chembamba cha chuma ndani ya tundu, na kugusa kuta nne na sakafu moja baada ya nyingine, akisikiliza kwa ncha za vidole. Pote pakijibu kwa ugumu wa mfupa, huivika kalibu mahali pake na kuomba keekee ya pili.