Kuiuliza Ardhi Kabla ya Kuifukua

Mwezi wa Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi juu ya kilima ambacho leo huitwa Old Kampala. Mahali hapo palifaa kwa ulinzi, kwani palielekeana na Mengo, makao ya Kabaka Mwanga. Lakini katika vilima vya Kampala maji ya mvua huzama udongoni, na chemchemi hutokea chini, ukingoni mwa mabonde. Bunduki zilikaa kileleni. Maji yalikuwa bondeni.

Historia husimulia zaidi habari za kuta na vita, ikakisahau kisima. Gede, mji wa Waswahili ulio karibu na Malindi nchini Kenya, watukumbusha kosa hilo. James Kirkman alianza kuyafukua magofu yake mwaka 1948. Huko ilionekana kwamba kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu kiliongezwa kina. Kwa sababu hiyo, kushuka kwa maji ya ardhini kumehesabiwa, pamoja na mashambulizi, miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu wauhame mji huo katika karne ya 17.

Siku hizi swali kama hilo laweza kuulizwa bila jembe. Chombo chenye koili mbili hupitishwa juu ya ardhi. Koili moja hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Nguvu hiyo huzusha mikondo midogo ya umeme ardhini, na koili ya pili hupokea ishara zake. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, maji matamu kwa kiasi, na mwamba mkavu kwa shida. Pwani, ambako maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, tofauti hiyo huweza kuonyesha mpaka baina yao. Katika kisiwa cha Songo Mnara, jirani na Kilwa, vipimo vya namna hii vimekwisha kutumika kutafuta mabaki ya mji wa kale.

Hata hivyo, chombo hicho si mwaguzi. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme, na waweza kudhaniwa kuwa maji ya chumvi. Majibu yake hayana budi kuthibitishwa kisimani na katika maabara.

Juu ya kilima cha Old Kampala, ngome ya awali iliondolewa kupisha Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mfano wa ngome hiyo ukajengwa kando. Msikiti huo ni fahari ya mji. Lakini fundi aweza kuliiga jengo. Tabaka za udongo zikishafukuliwa, hakuna awezaye kuzipanga tena. Wenye dhamana ya mahali pa kale, bara na pwani, yawapasa kupima kwanza, ndipo wachimbe.